Mkono Uliopita Dirishani

Dirisha la maabara lilikuwa na kioo cha ukungu tangu juu mpaka karibu na chini, na hapo chini pameachwa upenyo wa kupitisha mkono, basi. Mgonjwa anaketi kwenye kigoda nje, anaingiza mkono mpaka karibu na bega, anausikia unashikwa na vidole vyenye glavu. Mpira unakazwa, pamba yenye spiriti inapita, halafu sindano. Uso wa mpima damu hauonekani, na yeye haoni uso wa mgonjwa. Waliweka hivyo zamani, baada ya kuchoka na watu waliokuwa wakijazana mle ndani kuchungulia vichupa vya wenzao. Mpima damu alishazoea. Alikuwa akijisifu kwamba anawajua wagonjwa wake kwa mikono, kama muuza viatu anavyowajua wateja kwa miguu.

Mbele ya dirisha hilo kulikuwa na benchi, na mwisho wa benchi, karibu na ukuta, aliketi mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa ajili ya cherehani yake. Alikuwa amevaa sketi nyeusi. Siku hizi alivaa nyeusi tu, na ndani ya mkoba alikuwa na nyingine nyeusi imekunjwa vizuri, na vitambaa safi ndani ya mfuko wa nailoni, na chini kabisa khanga ya kujifunga kiunoni mambo yakiharibika njiani. Hakuwahi kutoka nyumbani bila mzigo huo. Mtu aliyemwona alidhani anasafiri.

Alikuwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Uvimbe wenyewe haukuwa wa kutisha, madaktari walisema, unatolewa na mtu anarudi kwenye shughuli zake. Tatizo lilikuwa damu. Kila alipokuja kupangiwa siku ya upasuaji alipimwa kwanza, na kila alipopimwa aliambiwa haijafika. Inatakiwa kumi, yeye ana saba. Nenda kale maini, kale mboga za majani, umeze vidonge hivi vya kuongeza damu, urudi. Alikula maini mpaka harufu yake ikawa inamfuata kitandani. Alimeza vidonge mpaka choo kikawa cheusi kama lami. Damu ikapanda kidogo, halafu siku zake zinafika, na yote aliyoyajenga yanamtoka ndani ya wiki moja. Ilikuwa kama kushona gauni huku mtu mwingine amekaa upande wa pili wa meza anafumua. Hawezi kupasuliwa kwa sababu hana damu, na hana damu kwa sababu hajapasuliwa. Aligeuka huku, ukuta. Akageuka kule, ukuta.

Zamani aliweza kukanyaga cherehani tangu asubuhi mpaka jua linazama. Sasa akishona upindo mmoja moyo ulimwenda mbio kama aliyekimbizwa na mbwa, na masikio yakavuma.

"Usinune," dada yake alimwambia pale kwenye benchi. "Ukinuna damu inashuka."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimeitunga sasa hivi."

Dada yake alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi, mpishi wa shule ya bweni, mwanamke wa sauti na mikono. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Ndiye aliyemnunulia ile cherehani ya kwanza. Alikuwa amezoea masufuria ya kuinuliwa na watu wawili na yeye huyainua peke yake, na kwenye mkono wa kulia alikuwa na kovu refu la mvuke, limeng'aa kama utepe wa satini.

"Mdogo wangu, tazama hapa." Alikunja ngumi, mishipa ikasimama. "Hii damu yote ya nini? Nainyima nani? Sisi tumetoka tumbo moja, tumenyonya ziwa moja. Ningekuwa na uwezo ningekumiminia kikombe kama chai."

"Dada, watu wanasikia."

"Wasikie. Kila mtu hapa amekuja kwa ajili ya damu."

Upenyo ule ukatoa sauti. Jina la Fundi likaitwa, jina lake kamili la kwenye cheti. Fundi akashika ukuta ili ainuke, na kabla magoti hayajanyooka alisikia kiganja kizito begani.

"Kaa," alinong'ona dada yake.

"Unataka kufanya nini?"

"Kaa, nimesema."

Na Fundi akakaa. Hilo halikumtoka moyoni baadaye, kwamba hakuvutwa wala hakufungwa kamba, aliambiwa akae akakaa. Alimwona dada yake akiketi kwenye kigoda, akikunja mkono wa blauzi, akiupitisha ule mkono mnene chini ya kioo. Aliona kivuli cha mpima damu kikiinama. Vichupa viwili vikajazwa, cha kwanza chenye kifuniko cha zambarau, na kingine ambacho Fundi hakukizingatia. Wagonjwa wengine kwenye benchi walikuwa wanatazama miguu yao. Dada akarudi amebana pamba kwenye kiwiko, anatabasamu kama aliyeiba sukari ya shule.

"Sasa tuone nani atakwambia haijafika."

Hakuna aliyesema haijafika. Muuguzi wa wodi ya wanawake, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja, alitoka na majibu akayasoma mara mbili. Kumi na tatu na kitu. Akamtazama Fundi, akatazama karatasi.

"Umekula nini mwenzetu?"

"Maini," akajibu dada yake upesi.

"Basi na mimi nianze leo." Akacheka. "Bahati yako, kesho asubuhi kuna mgonjwa ameahirishiwa. Nafasi hiyo ni yako. Unalala hapa hapa. Hakuna kurudi nyumbani."

Fundi alifungua mdomo. Dada yake akamkanyaga kidole cha mguu, taratibu, mpaka mdomo ukafungwa.

Wakampeleka wodini. Wakamvua ile sketi nyeusi wakampa gauni la hospitali la kufungwa mgongoni kwa vikamba, na jicho lake la kazi likaona mara moja kwamba mishono yake imekatwa hovyo. Mkoba wake ukawekwa kwenye kabati. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha la nondo, na nje ya nondo ukuta, na juu ya ukuta anga kipande. Halafu muuguzi akamfunga mkononi kamba ya plastiki yenye maandishi, akaibana kwa kifungo kinachoingia lakini hakitoki.

"Hii haivuliwi mpaka uruhusiwe," alisema. "Hapa ni jina lako. Hapa ni kundi lako la damu. B."

"Kundi la damu?"

"Si umetoa vichupa viwili? Kimoja cha kupima wingi, kingine cha kupima kundi. Tumekuwekea mifuko miwili ya akiba. Imeshalinganishwa na damu yako, inapatana vizuri kabisa. Ukipoteza damu kule ndani, tunakuongezea hapo hapo, wewe umelala hujui hili wala lile."

Wakati wa kutazama wagonjwa ulikuwa umekwisha. Dada alikuwa ameshatolewa na mlinzi, geti la chuma limevutwa, mnyororo umelia. Fundi akabaki anaitazama ile kamba. Jina lake, damu ya mtu mwingine, vimebandikwa pamoja kama vipande viwili vya nguo visivyolingana. Alijaribu kuipitisha kwenye kiganja, haikupita. Yeye ambaye mkasi haukuwahi kukaa mbali na mkono wake, siku hiyo hakuwa na hata wembe.

Akamwita muuguzi. Alikuja, akaketi ukingoni mwa kitanda, akadhani ni hofu ya kawaida.

"Sista, hiki kipimo kinapima nini hasa? Miaka yote mnaniambia saba, nane, saba. Mimi nilidhani damu yangu imepungua kama maji kwenye ndoo."

"Wengi wanadhani hivyo." Muuguzi akavua miwani akaifuta kwa kona ya shuka. "Wewe unashona, si ndiyo? Chukua kitambaa kilichopauka. Urefu ni ule ule, upana ni ule ule, rangi ndiyo imetoka. Damu inaweza kujaa mishipa yote lakini imepauka. Ule wekundu unaitwa himoglobini, umo ndani ya zile chembe nyekundu, na umetengenezwa kwa madini ya chuma. Kazi yake ni kubeba hewa unayovuta, inatoka kwenye mapafu inafika kwenye ubongo, inafika mpaka kwenye ukucha wa mguu. Ukipungua, moyo unakimbia mbio kupeleka hicho kidogo kilichopo. Wewe ulikuwa unasikia moyo mbio?"

"Naam." Alitaka kusema, nausikia hata sasa.

"Basi ndiyo hivyo. Na kwenye upasuaji damu lazima itoke. Mwenye kumi na tatu kama wewe akipoteza kiasi, bado ana akiba. Mwenye saba akipoteza kiasi hicho hicho, hewa haifiki. Moyo unaweza kusimama pale pale mezani."

"Lakini si ndiyo mnaongeza? Ile mifuko."

"Tunaongeza, ila ya kundi lake. Mtu akitiwa damu isiyo yake, mwili unaikataa. Unazipasua zile chembe ndani ya mishipa. Homa, mgongo unauma, figo zinafunga, mtu anakwenda. Ndiyo maana tuna haya mambo ya kamba na majina."

Fundi akauliza, "Na ndugu? Watu wa tumbo moja, baba mmoja mama mmoja. Hao si wana kundi moja?"

"Wapi. Mimi na kaka yangu hatupatani kwa damu wala kwa maneno." Akacheka, akainuka, kisha akasimama kidogo. "Kwa nini unauliza?"

Hapo ndipo palikuwa mlango. Ulikuwa wazi kabisa, na Fundi aliuona. Lakini alimwona na dada yake, mpishi wa shule, ameketi kituo cha polisi anaulizwa kwa nini alidanganya hospitali. Aliona na ile nafasi ya kesho ikipewa mtu mwingine, na yeye anarudi kwenye maini.

"Nauliza tu," alisema.

Muuguzi alipokwenda, alichukua simu akampigia dada yake. Upande wa pili vyombo vilikuwa vinagongana.

"Dada, wameweka damu ya akiba. Wameipima kwa damu yako."

"Si ndiyo vizuri? Damu nzuri hiyo."

"Wanasema ndugu wanaweza kutofautiana. Wanasema naweza kufa."

Vyombo vikanyamaza. "Nani kasema? Mama yetu alizaa sote, baba mmoja. Hao wanatisha watu ili waonekane wamesoma."

"Dada."

"Nisikilize, we mtoto. Ukisema, kwanza watakufukuza. Pili, mimi nitafungwa, na wale watoto wa shule watapikiwa uji na nani? Wewe lala. Kesho saa kama hizi utakuwa umeshatoka, tutacheka." Halafu, kwa sauti ambayo Fundi hakuizoea, ndogo, kama ya mtu aliyekaa chini ghafla, "Si lazima waitumie hiyo mifuko, eti? Imewekwa tu."

Fundi akaiteremsha simu. Alijua sasa kwamba dada yake naye anaogopa, na hofu ya dada yake ilimfungia mlango wa mwisho. Tangu utotoni kila aliposhikwa na jambo alimkimbilia mtu mmoja tu, na safari hii mtu huyo ndiye alikuwa kwenye kichupa.

Alilala kama alivyolala. Kulipokucha walikuja na kitanda cha magurudumu. Wakamfunika shuka la kijani mpaka kidevuni, wakamsukuma. Alikuwa anatazama dari, taa moja inapita, nyingine inapita, kama anasomewa kitu asichokielewa. Korido ikageuka kushoto. Milango miwili ya kuyumba ikamgonga miguuni ikafunguka. Akasimamishwa pembeni, mbele ya milango mingine, na hiyo ilikuwa na kioo cha duara, na kupitia hicho alimwona mtu amevaa kofia anaosha mikono polepole sana.

Daktari wa usingizi akaja, kijana mwembamba, amevaa barakoa imeshuka kidevuni. Akasoma kamba ya plastiki, akamuuliza jina, akajibu. Akamshika mkono. Akaufungua. Akatazama kiganja, akabonyeza kwa kidole gumba, akavuta chini kope ya jicho lake la kushoto.

"Kiganja chako cheupe sana, mama." Akageuza jalada alilolishika. "Wameandika kumi na tatu." Akatazama juu. "Labda ni hizi taa."

Alikuwa tayari anaandika. Ungekuwa ukimya mdogo tu, pumzi moja, na lile kosa lingebebeshwa zile taa. Fundi aliusikia moyo wake chini ya shuka la kijani, unakimbia, unabeba kidogo kilichopo.

"Si taa," alisema.

"Unasemaje?"

"Si taa, daktari. Ile damu si yangu. Mkono uliopita dirishani haukuwa wangu."

Daktari akaiteremsha kalamu. Hakuuliza wa nani. Aligeuka akaenda kwenye ile milango ya kioo cha duara, akasema maneno machache, na yule mtu aliyekuwa anaosha mikono akafunga maji.

Daktari wa upasuaji hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama juu yake na mikono inadondosha maji, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ungefia mikononi mwangu, mama, na mimi nisingejua kwa nini." Kisha akaondoka. Fundi akarudishwa wodini kwa korido ile ile, taa zile zile, ila zinapita kinyume, na wagonjwa wote wakamtazama jinsi anavyorudi mzima.

Mpima damu alikuja mwenyewe na sinia yake. Kwa mara ya kwanza Fundi aliuona uso wake, mzee kidogo, ana ndevu za kijivu. Akavuta damu kitandani, vichupa viwili, bila kumwangalia. Majibu yalipotoka, wekundu wake ulikuwa umeshuka hata chini ya saba, na kundi lake lilikuwa O. Dada yake ni B. Muuguzi alimsomea hayo, akachukua mkasi mdogo mfukoni, akaikata ile kamba ya plastiki, akaidondosha kwenye ndoo ya taka.

"Mtu wa O hapokei ya B," alisema. "Hata kikombe cha chai hapokei." Na Fundi akashtuka, kwa sababu hayo yalikuwa maneno ya dada yake pale kwenye benchi, na akaelewa kuwa dada ameshaitwa na ameshasema yote.

"Mtamfunga?"

"Yuko kwa matroni, mkuu wetu wa wauguzi. Anapewa maneno ya kutosha kujaza sufuria zake zote. Kumfunga, sidhani." Muuguzi akavuta kiti. Hakuwa anacheka tena, lakini hakuondoka. "Sasa nieleze wewe. Unatoka damu kiasi gani?"

"Kawaida tu."

"Ndivyo ulivyokuwa unawajibu madaktari?"

"Wananiuliza wamesimama watano, mmoja sawa na mwanangu. Ningesema nini?"

"Hapa niko mimi peke yangu."

Fundi akatazama nondo, akatazama ukuta wa nje. Kisha akamweleza kama anavyomweleza mtu vipimo vya nguo, maana hayo ndiyo maneno aliyoyaamini. Alisema shuka la kitanda kikubwa analikata vipande kumi na viwili, anavikunja mara tatu, na havimfikishi siku ya tatu. Alisema anaweka nailoni kwenye kiti cha cherehani. Alisema kuna mabonge, akaonyesha ukubwa wake kwa kidole gumba. Muuguzi aliandika, akaacha kuandika, akavua miwani.

"Miaka yote tunajaza maji kwenye gunia," alisema taratibu. "Kuna dawa za kuifunga hiyo damu kwa muda. Kuna madini ya chuma ya kutia kwa dripu, siyo vidonge tu. Kwanza tungekufunga uvujaji, ndipo tujaze. Lakini uliandikiwa kawaida."

Basi hakupasuliwa wiki ile wala iliyofuata. Alibaki kwenye kitanda kile kile chini ya dirisha la nondo, dripu ya rangi ya kahawia nzito inadondoka kwenye mshipa, na geti la chuma likaendelea kulia mnyororo kila jioni. Alikuwa bado amefungiwa. Ila siku zake zilipofika, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, hazikufanya mafuriko, na sketi ya pili kwenye mkoba haikuguswa.

Dada yake alianza kuruhusiwa kuja. Siku ya kwanza alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa, ameshika chombo cha supu.

"Ni ya maini?" Fundi akauliza.

"Ya kuku. Maini nimeyaacha." Akaketi. Akashindwa kumtazama. "Damu yote hii, mdogo wangu, na hata tone halikufai."

"Inawafaa wengine."

"Ndivyo matroni alivyosema. Nimeshawapa mfuko mmoja. Kwa jina langu, usinitazame hivyo." Akafuta mfuniko wa chombo ambao haukuwa na kitu. "Nilitaka tu utoke kwenye mateso haya."

"Najua, dada."

Sinia ikasikika kwenye korido. Mpima damu akaingia, maana yalikuwa yametoka maagizo kwamba mgonjwa huyu apimwe kitandani, siyo dirishani. Akasimama, akautazama uso wa Fundi, safari hii kwa muda mrefu, kama anayejifunza kitu upya.

"Kovu lile niliona," alisema. "Nikajiambia, huyu fundi ameunguzwa na pasi."

"Mvuke wa maharage," akasema dada.

"Sasa najua." Akachukua kichupa chenye kifuniko cha zambarau, akalisoma jina la mgonjwa kwa sauti, lote, mpaka la babu. "Ni nani huyo?"

"Ni mimi," Fundi akasema, akanyoosha mkono wake mwembamba juu ya shuka.

Na dada yake, bila kuambiwa na mtu, akaikalia mikono yake yote miwili.